Sisimizi na Ncha ya Ukili

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa tuko wote.

Hapo zamani za kale ukame uliingia mwituni. Maji yalibaki chemchemi moja, mbali, na njia yake ilisukwa kama ramani kwenye ukili mmoja tu wa mababu, msuko mrefu wa miyaa. Koo zilikuwa kumi na sita. Simba na Paa waongozane? Thubutu! Kila ukoo ulitaka ukili wake, leo hii.

Ukili wenyewe ulikuwa jozi, kili mbili zimekumbatiana. Penye miyaa myekundu huku, kule myeupe.

Kazi ya kuunakili akapewa Mnana, ndege fundi wa kusuka. Wakauanika juani. Ta! Kili zikaachana. Wakazitia kivulini zipoe. Mnana akajaribu kusukia kila mmoja mwenzake, chwi, chwi, chwi. Hakuna kitu.

"Nipeni ncha!" akalia. "Nikipata ncha nasuka hadi mwisho. Kuanza sijui!"

Sisimizi alishika kipande cha ukili, urefu wa kucha. Moyo wake tuli. Kazi hii aliijua.

"Ncha ninayo."

Tembo akacheka, ha ha haa! "Kijipande hicho? Kutangulia si kufika, binti."

"Na asiyeanza, babu, hufika wapi?"

Akapanda kwenye ukili mmoja. Akajaribu hapa, hakinati. Pale, hakinati. Hana wasiwasi. Alipofika mwanzo wa njia, nyeupe ikakuta nyekundu, nyekundu ikakuta nyeupe. Nata! Mnana akaidaka ncha. Chwi, chwi, chwi, hadi mwisho!

"Na huu wa pili?" akauliza Paa, koo limemkauka.

"Huo husukwa kutoka upande ule." Akamwita chungu mwenzake, naye ana kipande. "Dada Nyenyere, weka chako!"

Nata! Chwi, chwi, chwi!

Jozi moja ikawa mbili. Jua, kivuli, ncha mpya, chwi! Mbili zikawa nne. Nne, nane. Nane, kumi na sita! Na jua bado halijatua.

"Fundi! Fundi!" wakamshangilia Mnana.

"Mimi mfuataji tu," akasema. "Bila hawa wadogo, watoto wenu wangekufa kiu."

Tembo akaona haya. Akapiga magoti, dude zima lile. "Binti, panda. Ututangulie."

Sisimizi akapanda hadi kwenye paji. "Haya, babu, tembea. Kutangulia si kufika."

Basi usimdharau mwenye kipande kidogo. Kazi kubwa humngoja anayejua pa kuanzia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ncha hiyo, anayetaka na aishike.