Mhuri wa Mzee Mhando

Nimetumiwa hii na shemeji yangu leo asubuhi, nikaisoma mpaka chai ikapoa. Na wewe isome yote kabla hujaituma kwingine. Nazijua tabia zenu.

Katika mji mmoja wa reli aliishi fundi redio aliyeitwa Mhando. Ujanani, kila Jumamosi bendi ya mji, Mkondoa Jazi, ilipopiga dansi, yeye aliweka redio yake ya kurekodia kwenye kiti cha mbele, mahali ambapo wenzake walikaa na wachumba. Alirekodi miaka kumi na miwili. Bendi ikafa, wapigaji wakazeeka, ukumbi ukageuzwa ghala la mahindi. Muziki wote ule ukabaki ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha Mhando.

Uzeeni akanunua simu nzuri, akaanza kuziweka kanda zake mtandaoni. Watu wakashika vichwa! Walioko ughaibuni waliandika huku wanalia. Ulisikia magitaa yakijibizana, miguu ikisugua sakafu, hata chupa ikianguka mezani, ukaona kama ukumbi umefunguliwa tena.

Lakini Mhando aliogopa wezi kuliko mchwa. Kwa hiyo alipokuwa akinakili, aliweka simu karibu na redio, na kila mara aliinama akapaza sauti: "Hazina ya Mhando! Usiibe!" Huo ndio ulikuwa mhuri wake. Tarumbeta inaingia, mwili unaanza kusisimka, mara unamsikia mzee. Na pale wimbo uliposimama watu wakaongea tu, yeye aliona hiyo ni nafasi ya bure. Hapo alitaja jina lake kamili, namba yake ya simu na mtaa anaokaa.

Mwalimu mmoja wa Voi, jina lake Mwakio, mpenzi wa kanda za zamani, akamwandikia: "Shikamoo mzee. Naomba nakala zisizo na mhuri, nizihifadhi. Nami nitakutumia zangu zote."

"Marahaba," Mhando akajibu. "Nikikupa safi, kesho utasema ni zako. Atakaye asikilize hivyo hivyo."

Siku moja mwanamke aitwaye Nderemo akaandika chini ya kanda ya mwaka 1981:

"Shikamoo mzee. Kanda hii ni ya tarehe niliyozaliwa. Mama anasema siku ile baba alitoka hospitali mbio mpaka dansini, akaomba kipaza sauti, akawatangazia watu jina langu. Alikufa kwa homa kabla sijatimiza siku arobaini. Sina hata picha yake. Kwenye dakika ya kumi na tisa namsikia mwanamume akisema, 'Jamani, nisikilizeni kidogo,' halafu nasikia namba yako ya simu. Naomba kanda yenyewe, mzee. Nimsikie baba yangu mara moja tu."

Mhando aliisoma mara mbili. Akavuta sanduku, akaitafuta kanda ile, akaitia redioni. Redio ikaila. Alipoifungua, utepe ulitoka umejisokota, ukakatika vipande vipande kama ganda la kitunguu.

Akakaa sakafuni, utepe mapajani. Miaka zaidi ya arobaini alikuwa akiilinda kanda ile isiibwe, na leo aliyemnyang'anya mtoto sauti ya baba yake alikuwa yeye mwenyewe. Aliona aibu, akalia.

Kisha akaandika ujumbe wa kwanza: "Nisamehe, mwanangu. Niliyemfunika baba yako ni mimi, na kanda imeharibika." Na wa pili, kwa Voi: "Mwalimu, nilikunyima. Leo mimi ndiye ninayeomba." Akamweleza yote.

Mwakio angeweza kumcheka. Hakumcheka. "Mzee, nipe siku chache," alisema.

Siku tisa mwalimu yule alipekua mtandao. Alisikiliza kanda zisizo na majina, zilizowekwa na watu wasiojua walichonacho. Siku ya kumi akatuma moja. Iliwekwa na msichana fulani, ikaitwa tu "kanda ya babu," na waliowahi kuisikiliza walikuwa kumi na mmoja.

Mhando hakuthubutu kuifungua peke yake. Akamwita Nderemo, naye akaja na mama yake. Wakaketi sebuleni, simu juu ya stuli. Mhando akabonyeza.

Sauti ya kwanza kutoka haikuwa ya bendi. Ilikuwa ya kijana: "Kaka Kondo, hii nimekunakilia uondoke nayo. Usinilipe. Wape na wengine wasikie."

Mhando akashika mdomo. "Huyo ni mimi!"

Ndipo akakumbuka. Kondo alikuwa mpiga tarumbeta wa Mkondoa Jazi. Kifua kilipomshinda akarudi kwao, na Mhando, enzi hizo mkono wake ungali mwepesi, alimpa nakala ya kumuaga. Alishasahau kabisa. Msichana yule alikuwa mjukuu wa Kondo.

Muziki ukapigwa. Ukasimama. Na pale pale palipokuwa na mhuri, mwanamume akasema, pumzi zikimwenda mbio:

"Jamani, nisikilizeni kidogo. Samahani, wanamuziki. Mke wangu amejifungua leo saa kumi. Mtoto wa kike. Anaitwa Nderemo. Nawaombeni mpigieni vigelegele, asikie huko huko hospitali!"

Ukumbi mzima ukaitika. Vigelegele vilipanda, vikajaa sebule ile ndogo, vya wanawake ambao wengi wao wamo makaburini, vyote kwa ajili ya mtoto wa saa chache. Mhando alisisimka mwili mzima. Hata mimi ninayekuhadithia nimesisimka.

"Ndiye," mama akanong'ona. "Ndiye huyo."

Nderemo alipiga magoti mbele ya stuli, akainamisha kichwa kama binti aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, baba," alisema.

Na mama yake, ambaye siku ile alikuwa kitandani hospitali na hakusikia kitu, akapiga kigelegele chake.

Siku hiyo hiyo Mhando akaanza kunakili upya kanda zilizosalimika, mdomo kaufumba, na kila iliyokamilika ilikwenda Voi. Ukizisikiliza leo, cha Mhando utakachosikia ni kikohozi tu, mara moja moja.

Funzo: Kanda aliyoificha iliozea sandukuni, na aliyoigawa ikamrudia siku alipokuwa hana kitu. Ukitaka kizuri chako kidumu, kiache kifike kwa wengine bila kukifunika kwa jina lako.