Ngoma ya Lambo la Bi Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa tena!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, Bi Kobe alikuwa na kishamba chake mlimani, na humo alikuwa amefukia mayai yake. Kila mvua iliponyesha, korongo lililochimbwa na maji huko chini lilipanda likimega udongo. Mvua ya kwanza, likabakiza hatua kumi kuyafikia mayai. Mvua ya pili, hatua tano. Bi Kobe akalia. Mvua moja tu zaidi, na wanawe wangekwenda na maji!

Akaamua kujenga lambo la kuzuia maji pale juu. Akarundika udongo siku saba. Lakini udongo usiposhindiliwa si lambo, ni uji. Na Bi Kobe ana uzito gani, jamani?

Akamwendea Kiboko. "Kaka, nikanyagie tuta la lambo."

"Lambo la nani?"

"Langu."

"Basi kanyaga mwenyewe."

Akamwendea Nyati. Jibu lile lile. Akamwendea Tembo. Tembo akacheka hadi machozi. "Lako, halafu miguu yangu? Nenda zako!"

Bi Kobe akaenda zake. Kesho yake akapanda juu ya tuta, akapiga ngoma. "Leo tunacheza! Sungura karibu, Digidigi karibu! Wazito kaeni pembeni, nyie kucheza hamjui."

Weee! Tembo akasimamisha masikio. "Nani hajui?"

"Mjomba, usijiaibishe."

Tembo huyo juu ya tuta! Nyati nyuma yake, Kiboko nyuma ya Nyati. Tindi! Tindi! Tindi!

"Ngojeni nitengeneze uwanja," akasema Bi Kobe. Akamwaga udongo mwingine, akaunyunyizia maji. "Vumbi, wajomba, vumbi!"

Wakacheza tena. Akamwaga tena, akanyunyiza tena. Wakacheza mara ya tatu, mpaka ndimi zikawatoka nje.

"Nimeshindwa, mnajua kucheza," akasema Bi Kobe, akaenda zake kulala.

Mvua ikaja, mvua kweli kweli. Lambo likajaa, maji ya ziada yakatokea pembeni taratibu. Korongo halikusogea hata hatua moja. Mayai salama!

Wale watatu wakaja kunywa. Kiboko akalitazama tuta, akaitazama miguu yake. "Jamani... tulikuwa tunacheza, au tulikuwa kazini?"

Tembo akapandwa na hasira. "Nalivunja! Nalivunja leo!" Akaruka juu ya tuta, akapiga miguu. Tindi! Akapiga kwa nguvu zaidi. Tindi! Tindi! Tuta likazidi kuwa gumu.

"Hapo kushoto bado palikuwa laini," akasema Bi Kobe. "Ahsante, mjomba."

Basi wanangu, jirani akiomba msaada wa kuokoa udongo wake, msaidieni mkiombwa. Msijidai wajanja, mtafanya kazi ile ile na kuchekwa juu yake.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeweza aibebe, asiyeweza asiikanyage.