Pale Mkono Usipofika

Katika usharika mmoja wa milimani aliishi bibi aliyeweza kujiosha mwili wote isipokuwa mgongo. Miguu ilikuwa imemgomea, akawa anajiburuta kwa makalio kutoka kitandani hadi jikoni. Jirani alimletea maji na kuni, na bibi hakumlaumu kwa kutofanya zaidi, maana naye alikuwa na mgonjwa wake. Lakini chini ya mgongo palikuwa na mahali palipomwaka moto usiku na mchana. Alipeleka mkono wa kulia, akapeleka wa kushoto. Haukufika hata mmoja. Hakujua kuna nini pale, na hakuwa na mtu wa kumtazamia.

Usharika ule ulikuwa na kikundi cha kina mama waliowatembelea wazee kila Alhamisi, wakiongozwa na muuguzi mstaafu. Waliwaogesha, wakawakata kucha, wakawapima presha, wakawafunga vidonda. Bibi aliposikia habari hiyo, moyo wake ulitulia. Kila Alhamisi alitenga beseni, taulo na sabuni mpya, akaketi karibu na mlango. Kina mama walipita njiani wakiimba, wakaenda kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa na mke na mabinti wawili nyumbani. Wakaenda kwa mzee ambaye mwanawe ana gari. Bibi alijiambia kwamba zamu yake bado, akaifunga tena sabuni katika karatasi yake.

Alhamisi moja mvua iliwakimbiza wakaingia kwake kujikinga. Muuguzi akaliona beseni.

“Shikamoo, bibi. Kumbe leo una wageni?”

“Marahaba, mwanangu. Wageni ni ninyi. Mmechelewa kidogo tu, miezi mitano.”

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Muuguzi akafungua daftari, akapitisha kidole ukurasa mzima, akamweleza kwa upole kwamba jina lake halimo. Kila Jumapili hutangazwa kanisani: mzee anayehitaji kuhudumiwa nyumbani ajiandikishe mlangoni baada ya ibada. Hakubaguliwa mtu. Hata mwalimu alikuja kwa bodaboda, mkewe akimshikilia kwa nyuma.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho.

“Mwanangu, kama ningeweza kufika pale mlangoni, ningekuwa nawangoja hapa?”

Muuguzi alivua koti, akachochea moto, akapasha maji. Alipomfunua bibi mgongo, mkono wake ulisimama.

“Bibi, hiki kidonda kina muda gani?”

“Hilo ndilo nilitaka uniambie wewe. Mimi sijawahi kukiona.”

Ndugu zangu, msiharakishe kumhukumu muuguzi yule. Alikuwa na moyo mzuri na mikono mizuri, na siku ile aliogesha mgongo ule taratibu, kama anavyoogeshwa mtoto mchanga. Daftari lake nalo halikuandikwa kwa ubaya. Nasema hivi kwa sababu nasi tunalo. Liko pale mlangoni, na kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Tuliliweka ili asisahauliwe mtu. Jana nililisoma jina kwa jina. Mnajua nilichokiona? Wote waliomo wana mtu nyumbani. Aliye na mtu tumemwongezea watu, na asiye na mtu tumempita njiani tukiimba.

Je, tulikusudia hivyo? Hapana. Lakini kidonda hakiulizi kama tulikusudia.

Tumezoea kusema, “Hajaja kujiandikisha, bila shaka hana shida.” Sisi tuliopewa miguu tujifunze kusoma kinyume chake: kutokuja kwake ndiko kujiandikisha kwake.

Sasa litazame benchi ulilokalia. Nani alikuwa akikaa hapo kando yako, mwaka jana, mwaka juzi? Unamkumbuka. Ibada ikiisha, usiniletee mimi jina lake. Nenda kwake.