Nguruwe wa Hezroni

Msitu unaweza kumzunguka mtu pande zote, naye akalala kwenye mvua kwa kukosa nguzo. Wahenga walilijua hilo. Kama yupo anayebisha, na aende Talatala, wilayani Kyela, amwulize Hezroni.

Hezroni alikuwa mkulima wa mpunga mwenye majivuno ya jogoo. Mpunga wake ulikobolewa mara mbili, mpaka mchele ukang'aa kama meno ya mtoto. Wali wenye rangi aliuita chakula cha msiba. Pumba zote alikula nguruwe, naye akanenepa, ngozi ikimeremeta.

Siku moja muuguzi Eufrasia wa zahanati alimpima Hezroni, akakunja uso.

"Baba, sukari imepanda. Achana na soda. Kula mboga, maharage, samaki, na wali kidogo wa mchele usiokobolewa sana. Urudi mwezi ujao. Kama haijashuka, tutaanza dawa."

Hezroni alitoka kichwa kikimzunguka kama pia. Dereva wa bajaji alimwambia wali ni sumu. Mzee wa kanisa akamwambia hapana, sumu ni ndizi. Simu nayo ikamwonyesha mtu anayekula mbegu kama kasuku. Amsikilize nani? Alichoambulia ni kimoja tu: afya huuzwa dukani, tena ghali.

Akamwendea Nasibu, mnunuzi wa mpunga, akamwambia wali ni sumu, akamwahidi magunia yote manne ya akiba, chakula cha nyumba hadi mavuno. Akapokea kwanza malipo ya gunia moja, akaenda Kyela mjini, akarudi na kifuko cha mchele wa kahawia, kopo la unga wa lishe na mbegu asizozijua hata jina.

Mkewe Felista alivitazama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

"Baba Prisca, gunia zima limeingia kwenye kikapu hiki?"

"Hii ni afya, mama. Wewe pika."

Akapika. Alipofunua sufuria, harufu ikajaa jikoni, harufu ile ile waliyoizoea tangu utotoni. Felista akaokota kifuko kitupu, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwe! Soma mwenyewe."

Hezroni akasoma: mchele wa Kyela, uliokobolewa mara moja tu. Akakigeuza kifuko, akasoma tena.

"Sielewi."

"Huelewi nini? Ni mpunga kama wetu huu, umekwenda mjini kuvaa nailoni! Unachokinunua humu ndicho unachokimwaga bandani. Ndiyo maana nguruwe wako hajapanda sukari!"

"Na mboga je?"

"Majani ya maboga yametambaa hadi chooni, unayakanyaga kila asubuhi. Maharage yako darini. Samaki wa usipa wanapitishwa hapa mlangoni kila jioni. Unatafuta nini tena?"

Hapo honi ya kirikuu, kigari cha mizigo, ikalia nje. Nasibu alikuwa amefuata magunia yake.

Hezroni akasimama mlangoni kama komeo. "Chukua moja, lile nililokwisha kulila. Matatu hayatoki."

"Mzee, jana si ulisema wali ni sumu?"

"Jana kichwa hakikuwa changu. Pakia uende."

Gunia likaondoka, naye akalisindikiza kwa macho kama jeneza. Kesho yake alipeleka mpunga mashineni.

"Koboa mara moja tu."

"Hezroni, umefiwa?" akauliza mwenye mashine.

"Nimefufuka."

Mwezi uliofuata Eufrasia alimpima, akatabasamu. Sukari ilikuwa imeanza kushuka.

"Hongera, baba. Vyakula vyako unanunua duka gani?"

"Nimemnyang'anya nguruwe wangu," akajibu Hezroni, akaenda zake.

Sasa aliyechanganyikiwa alikuwa muuguzi. Angemfuata hadi Talatala, angemkuta nguruwe aliyepungua kiuno akinung'unika bandani, na mwenye nyumba akichuma majani ya maboga aliyoyakanyaga miaka yote. Ama kweli, penye miti hapana wajenzi.