Nyonga ya Kushoto

Ndugu zangu, leo tumtazame mtu aliyeajiriwa ili asimwamini yeyote. Msitafute jina lake, hamtalipata. Mtu huyu nimemtunga, ila kazi yake ipo na watu wanaifanya.

Wanaifanya Marekani, katika ule mpira wao ambao si huu wetu. Vijana waliokaa nyuma wameuona kwenye simu: wanaume wamevaa kofia ngumu, mabega yametuna, na mpira wenyewe umechongoka pande mbili kama papai changa. Sitawachosha na sheria zake, maana hata mimi zinanichosha. Shikeni jambo moja. Yupo mtu anayetoka mbio kwenda kuudaka mpira unaorushwa kutoka mbali. Na yupo mwingine, huyu ndiye wetu, anayesimama pembeni mwa uwanja, uso kwa uso na yule mkimbiaji, ili amkabe asiudake. Tumwite mlinzi wa pembeni.

Fikirieni ugumu wa kazi hiyo. Mkimbiaji anajua anakokwenda, mlinzi hajui. Mkimbiaji anakimbia akitazama mbele, mlinzi anaanza kwa kukimbia kinyumenyume. Na mkimbiaji ni mwongo kwa ufundi: atageuza kichwa kulia, atatupa bega kulia, kisha yeye mwenyewe ataondoka kushoto. Ukiyaamini macho yake, umekwisha, na watu maelfu wamekuona ukiisha. Kwa hiyo walinzi hawa hufundishwa tangu shuleni wasimtazame mtu usoni. Wamtazame kiunoni. Uso unaweza kudanganya, lakini kiuno hakiwezi kwenda mahali ambapo mwenyewe haendi.

Mtu wetu aliishi hivyo tangu ujana wake, na aliifanya kazi vizuri. Alisifiwa. Lakini kazi ya muda mrefu humwingia mtu mwilini, kama mwalimu anayewasahihisha wageni sebuleni kwake. Siku moja wanakula, mkewe akainuka mezani. Akaona mumewe anamtazama kiunoni bila kupepesa macho.

"Unatazama nini?"

"Najaribu kujua unaelekea wapi."

"Naenda kuleta chumvi, baba watoto. Utanikaba?"

Mnacheka. Mkewe naye alicheka, mara ya kwanza. Baadaye aliacha kucheka, kwa sababu jirani akileta chakula, mume aliuliza anataka nini. Ndugu akipiga simu kumjulia hali, mume alingoja lile ombi ambalo aliamini linakuja. Likikosa kuja, alisema, "Amelihifadhi kwa ajili ya siku nyingine."

Sasa mtu huyu akaanza kuzeeka. Msidhani alikuwa na mvi. Katika kazi ile mtu anazeeka wakati wenzake wa rika lake mtaani ndio kwanza wanaoa. Nyonga yake ya kushoto ilianza kuuma. Akigeuka kulia kumfuata mkimbiaji, aligeuka kama zamani. Akigeuka kushoto, kulikuwa na kitambo kidogo ambacho mwili ulikataa kabla ya kukubali. Katika maisha yangu na yako kitambo hicho si kitu. Kwake, kilitosha kumaliza kazi.

Akaificha. Hakumwambia daktari wa timu, wala kocha, wala mkewe. Akajifunza kusogea kidogo upande wake mwenyewe wa kushoto, ili amlazimishe mkimbiaji kupita kulia kwake, kule ambako nyonga haikuuma. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu, na waliotazama walidhani ni maarifa ya mkongwe. Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka msimu mmoja zaidi, kisha aage mwenyewe, kwa miguu yake, badala ya kuitwa ofisini na kuambiwa kazi imekwisha. Niambieni, nani kati yetu hataki hivyo?

Ndipo timu ikamleta mchezaji mpya, kijana aliyetoka chuo kikuu, mwepesi, mpole wa maneno. Na kijana huyu alikuwa na tabia moja: alimtazama sana mtu wetu. Kwenye mazoezi alisimama nyuma yake, akifuatisha hatua zake. Mlinzi akirudi nyuma, kijana anarudi nyuma. Mlinzi akigeuka, kijana anageuka. Siku moja baada ya mazoezi alimfuata.

"Samahani, kaka. Naomba kukuuliza kitu."

"Uliza."

"Ukigeuka kumfuata mtu, upande upi ni mzito kwako?"

Mlinzi akamtazama kiunoni. Kiuno kilikuwa kimetulia kabisa, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa kuuliza. Nataka kujua tu."

"Ujue ili iweje?"

Kijana akasita. Akaangalia kule alikokuwa kocha, kisha akasema, "Kwa ajili ya kazi, kaka."

Ndugu zangu, ningewaomba msiwe wepesi kumhukumu mtu huyu kwa alichojibu. Amefundishwa maisha yake yote kwamba anayekutazama sana anataka kukupita. Mgeni anamuuliza mahali anapoumia, tena anasita, tena anamwangalia mkubwa wa kazi. Wewe ungejibu nini? Mimi mwenyewe nimelifikiria swali hilo wiki nzima, na sina uhakika na jibu langu.

"Kulia," akasema mlinzi. "Upande wa kulia ndio unanisumbua."

"Asante, kaka. Umenisaidia sana."

"Najua nimekusaidia."

Alipofika nyumbani alimsimulia mkewe, na hii ilikuwa mara ya kwanza mkewe kusikia kwamba mume wake ana upande unaouma. Mama yule hakugomba. Aliendelea kukunja nguo, kisha akasema, "Na kama anauliza kwa sababu hajui?"

"Hakuna anayeuliza kwa sababu hajui. Watu wanauliza ili wakushike."

"Mimi nikikuuliza umeshindaje, huwa nakushika?"

Kesho yake mlinzi alianza kukusanya ushahidi. Aliwakuta kocha na yule kijana wakizungumza, nao wakanyamaza alipofika. Ushahidi. Kijana alimletea barafu ya kuweka kwenye mguu, akasema, "Nimeleta nyingi, kaka, sikujua utataka kuiweka wapi." Ushahidi mkubwa zaidi. Mchezaji mmoja akamtania kwenye chumba cha kubadilishia nguo, "Mkongwe, huyu dogo anakufuata kama mkia, utamrithisha na mke?" Wote wakacheka, kijana naye akacheka, na mlinzi akakiweka kicheko kile pamoja na vingine. Mtu akishaamua kushuku, hata salamu ni kithibitisho. Ukimsalimia, anajiuliza umeficha nini. Usipomsalimia, anasema, si mnaona?

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Timu yake ilikuwa mbele kidogo tu, na muda ulikuwa unaisha. Ikiwa mlinzi angezuia mkimbio mmoja uliobaki, wangeshinda, na ule msimu mmoja zaidi alioutamani ungekuwa wake. Alisimama mahali pake. Nyuma yake, mbali kidogo, alisimama yule kijana, kwa maana katika mpira ule huwepo pia mlinzi wa nyuma, ambaye kazi yake ni kumsaidia wa pembeni akizidiwa. Kijana alikuwa amepangwa hapo tangu mwanzo wa msimu. Mtu wetu aliona wamemweka hapo ili amchunguze vizuri, na hakupoteza muda kulifikiria zaidi.

Mkimbiaji akaondoka. Akatupa bega upande wa kulia wa mlinzi. Mlinzi hakudanganyika, alikitazama kiuno, na kiuno kikamwambia ukweli: kushoto. Akaujua ukweli kabla ya kila mtu uwanjani. Akageuka kushoto, na nyonga ikakataa. Kitambo kile kidogo. Mkimbiaji akampita kama mtu anayepita mlango ulio wazi.

Mlinzi akainua macho kumtafuta mwenzake wa nyuma. Kijana alikuwepo, na alikuwa anakimbia kwa nguvu zake zote, lakini alikuwa anatoka mbali, upande wa kulia. Hakuwahi. Mpira ukadakwa, na wapinzani wakashinda.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, watu walianza kuvua viatu. Kijana akaja akasimama mbele ya mtu wetu, bado amevaa kofia yake ngumu.

"Kaka, uliniambia kulia."

"Nilikuambia."

"Nilisimama kulia. Msimu wote nimekuwa nikisimama kulia."

"Ili upate nini?"

Kijana akaivua kofia, akaondoka. Aliyejibu alikuwa kocha, aliyekuwa ameegemea mlango.

"Ulidhani nimemleta achukue nafasi yako," kocha akasema. "Nilimleta ili ubaki nayo. Wenye timu walitaka uondoke kabla msimu haujaanza. Niliwaomba, nikawaambia bado una kichwa cha kazi hii kuliko mtu yeyote, nipeni kijana mwenye mbio asimame nyuma yake, upande anaoumia, miguu yake iwahi pale ya mkongwe inapochelewa. Kuumia nilijua unaumia. Nimekuona ukipanda ngazi. Upande ndio sikuujua, umeuficha vizuri mno."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia kwamba nimekuwekea mtu wa kukubeba, ungekubali?"

Na kocha mwenyewe alijua ana lake la kujibu. Alimkataza kijana asieleze kwa nini anauliza. Alidhani anamlinda mzee asione aibu. Kumbe yeye na mlinzi wote wawili walikuwa wanacheza kwa siri, na mtu aliyekuwa hafichi chochote kwa faida yake alikuwa ndiye anayeshukiwa.

Juma lililofuata mtu wetu aliitwa ofisini, akaambiwa kile alichokikimbia msimu wote.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna jambo linaloniuma kuliko hilo. Mwaka uliofuata timu ilimleta mchezaji mwingine mpya. Akamfuata yule kijana baada ya mazoezi, akamuuliza swali dogo tu, jinsi anavyopanga miguu. Na yule kijana, aliyekuwa mpole wa maneno, akamtazama kwanza, akamtazama kwa muda, kabla ya kuamua amjibu nini.

Sasa tujitazame sisi.

Jumatano tunakutana nyumba kwa nyumba kwa ajili ya maombi. Kiongozi anauliza, mwenye hitaji aseme. Mnajua tunavyosema. "Niombeeni, nina jambo langu." "Hitaji langu Mungu analijua." Mwingine anasimama, anaombea safari ya mtoto wa dada yake, na mtoto huyo amekwisha kusafiri na kurudi, kumbe anayeungua ni yeye, nyumbani kwake, na ameketi nasi hapa amevaa vizuri. Upande wa kushoto unaungua, tunaombea wa kulia. Tunaomba kwa bidii kabisa, kwa sauti, na machozi yanatoka. Tumesimama mahali ambapo hakuna anayepita.

Na mtu huyo simlaumu. Hana kichaa. Anajua anachokifanya. Kuna mambo yaliyosemwa katika maombi yetu Jumatano, na kabla ya Jumapili yalikuwa yamefika kwenye mashine ya kusaga, yameongezewa chumvi na majina ya watu ambao hata hawakutajwa. Nani alifundisha watu wetu kuficha? Si shetani peke yake. Sisi tulimsaidia. Kwa hiyo nikisema tuaminiane, sisemi tuwe wajinga. Yule mlinzi hakukosea kutomwamini mkimbiaji, maana mkimbiaji alikuwa mwongo kweli. Alichokosa ni kutambua kwamba mtu aliyesimama mbele yake na mtu aliyesimama nyuma yake si mtu mmoja. Akawatazama wote kwa jicho lile lile.

Je, wewe unaweza kuwatofautisha? Yule dada aliyekuuliza mbona siku hizi huji kwaya, ulijiuliza ametumwa na nani. Yule mwenzako kazini aliyekuambia, "Unaonekana umechoka," ulimjibu, "Niko salama kabisa," halafu ukakaa unamtafakari yeye badala ya kuutafakari uchovu wako. Shemeji aliyeleta unga mlipofiwa, mkasemezana jikoni: kuna kitu anakitaka. Huenda anakitaka, mimi sijui. Lakini huenda pia amekuwa akikimbia msimu mzima kukulinda, upande ambao hauumi, kwa sababu ndio uliomtajia.

Siwaambii mkasimame hapa mbele mkatangaze kila kitu. Nasema, tafuta mmoja. Mtu mmoja kati ya hawa walioketi nawe, ambaye umemwona akisikia jambo na jambo likaishia kwake. Mtajie upande wenyewe, kwa jina lake. Sema ni pombe, ikiwa ni pombe. Sema ni ndoa. Sema ni ugonjwa ambao hujaupeleka hospitali kwa hofu.

Na wewe utakayefuatwa na kuambiwa, neno langu la mwisho ni kwako, maana kazi kubwa ni yako. Usimshangae. Usimhubirie, hiyo niachie mimi. Nenda ukasimame upande huo aliokuonyesha, na watu wakikuuliza kwa nini umesimama hapo, waambie umependa tu kusimama.