Bi Perere Awafukiza Wageni

Paukwa! Walioko nyuma hawajaitika. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni.

Zamani, siku zile wanyama walipokuwa wakialikana harusini, palikuwa na msitu wa mitarakwa. Mitarakwa mirefu, mitarakwa minene, mitarakwa inayonukia. Ndani ya shimo la mtarakwa mmoja aliishi Bi Perere na wanawe wawili. Perere ni mnyama akaaye juu ya miti, mnene kama sungura, sauti yake kubwa kuliko mwili.

Vidukari wakaja. Wadudu wadogo, weusi, wengi. Waliletwa na upepo kutoka ng'ambo ya milima. Wakatua matawini, wakafyonza utomvu, fyoo, fyoo, fyoo. Tawi likawa njano. Tawi likawa kahawia. Tawi likaanguka, puu. Mti wa jirani ukafa umesimama. Bi Perere akautazama mti wake, umeshaanza kukauka kileleni. Akawatazama wanawe, bado hawajui kuparamia. Wangehamia wapi?

Tembo akaitikisa miti. Vidukari wakabembea, wakafurahi. Nyani akajitolea kuwala. Alikula mpaka tumbo likavimba, akaapa hatarudia.

Ndipo Bi Perere akauliza: huko walikotoka vidukari, mbona miti haifi? Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, akatumwa akaangalie. Akarudi akisimulia kwamba kule kuna nyigu mdogo kuliko punje ya mchicha. Humtagia kidukari yai tumboni. Mtoto huanguliwa, humla kidukari kwa ndani, hutoboa tundu mgongoni, huyoo. Wanyama wakasisimka, wakaomba asimulie tena.

Bi Perere hakuridhika. Alitaka kujua, vidukari wakipungua, nyigu hao watamgeukia nani? Hondohondo akasema amewajaribu. Aliwawekea nondo, akawawekea buibui, akawawekea nyuki. Hawakugusa. Kidukari akikosekana, nao hupungua.

Basi wakaalikwa. Hondohondo akawaleta ndani ya jani la mgomba.

Msitu ule, mgeni hapokewi hivi hivi. Mgeni hufukizwa. Bi Perere akatoa chetezo, akatia makaa, akatia ubani, akatia udi, akatia ubani tena. Moshi ukatanda, fuu, fuu. Ngoma ikalia, ti-ti-ti, ti-ti-ti. Jani likafunguliwa katikati ya moshi.

Nyigu wakatoka. Wakaruka juu. Wakaruka kinyumenyume. Mmoja akapiga chafya akaanguka. Wa pili akaanguka. Pu, pu, pu, kama mtama unaomwagika.

Wanyama wakadhani hiyo ndiyo ngoma ya kwao wageni. Wakashangilia, wakaiga. Tembo akajitupa chini, msitu ukaruka. Nyani akajitupa chini, akaangukia Tembo.

"Bi Perere," Ngedere akadakia, "umetuletea askari au vumbi?"

Nyigu wa kike, mkubwa wao, akatambaa mpaka kwenye ukucha wa mwenyeji. "Mama mwenye mji," akasema, "unatukaribisha au unatuua?"

Bi Perere akashtuka. Akanyoosha mkono kwenye chetezo.

"Usizime, dada," Nyani akamkataza. "Kuzima ubani mgeni akiwapo ni kumfukuza."

Bi Perere akamwangalia mgeni chini. Akautazama mtarakwa juu. Maji yalikuwa mbali. Akageuka, akalala chali juu ya chetezo.

Chwaaa!

Alipiga ukelele uliovuka milima miwili. Lakini hakuinuka mpaka makaa yakafa.

Upepo ukapita, ukaondoa moshi. Nyigu mkubwa akajikung'uta, akapaa, akamkuta kidukari wa kwanza. Chomo! Akamkuta wa pili. Chomo! Wenzake wakafuata, chomo, chomo, chomo. Vidukari wakavimba, wakakauka, wakabaki maganda yenye tundu. Hawakuisha wote. Walibaki wachache, na nyigu wachache wakabaki nao. Mtarakwa ukachipua mpaka kileleni, na watoto wa Bi Perere wakajifunza kuparamia papo hapo, kwenye mti wao.

Mpaka leo Perere ana baka jeupe mgongoni. Na bado anapiga kelele.

Ngano hii inatufundisha: ukimwita mwenzio akusaidie, muulize kwanza yeye anaishije, wala usimpokee kwa kile kinachokupendeza wewe tu.

Hadithi yangu imeparamia, imeteremka, imefika chini. Imeishia hapo.