Aliyeomba Moto Akapewa Baba

Mtu mmoja alikuwa na shamba la udongo mweusi na jembe lililokatika. Jina lake Shigela. Mvua zilikuwa karibu, na ghalani kwake hakukuwa na kitu ila mbegu. Kama asingepanda, wanawe wangelala njaa.

Akaenda kwa Lubango mhunzi. Alikuta mivukuto ikipulizwa, na chuma, kitu kigumu kuliko vyote alivyovijua, kimelainika kama ugali. Shigela akaingiwa na kicho. Akaona haya kuomba jembe mbele ya moto mkuu namna ile. Akapiga magoti, akaomba afanywe mwana wa nyumba hiyo.

Wakamnyoa, wakampaka masizi, wakampa jina la ukoo. Miko ya nyumba hakuiuliza. Macho yake yalikuwa motoni.

Siku hiyohiyo akaja jirani yake Nyamizi, mjane, na jembe lililopinda. Alisalimu, akaeleza shida yake, akangoja kando huku Lubango akifua. Kisha akashukuru, akaenda zake na jina lake lilelile. Shigela alimhurumia: maskini, kauona moto wote ule, kaondoka na jembe tu!

Mvua ikanyesha. Shigela akachukua majembe aliyofundishwa kuyafua humo, akaenda ghalani kwake akachota mbegu. Lubango, aliyekuwa amemfuata, akamshika mkono, bila hasira.

"Mwanangu, mwana wa mhunzi hagusi mbegu. Ungeniomba jembe ningekupa jembe. Uliomba ubaba, nami nimekupa wote, pamoja na miko yake."

Shigela akageuka upesi awape wanawe mbegu, wapande wao. Mkono ukamwishia hewani. Nao sasa walikuwa wajukuu wa Lubango, na mbegu ilikuwa mwiko kwao pia.

Akasimama mpakani mwa shamba lake, mvua ikimchuruzika na masizi yake. Upande wa pili Nyamizi alikuwa akipanda. Moto uleule ulikuwa mkononi mwake, umepoa ndani ya jembe, unamtii, wala haumdai ukoo. Shigela hakuwa amejua kwamba kitu kikubwa kiasi kile kingeweza kumtumikia mtu yeyote, kwa kuombwa tu.

Basi ninyi mnaoandika programu, kabla hamjakifanya kipande kimoja cha programu yenu mwana wa kingine ili kirithi kazi yake, semeni kweli: kinahitaji baba, au kinahitaji jembe?